Tarkor wa Pili: uzuri wake, ubovu wake, na siku ukumbi mzima ulipoinamia msiba wa katuni

Wakuu, salamu kwenu wote, wa zamani na mliojiunga jana.

Kila wiki naona mnachinjana humu kuhusu series za maroboti makubwa, ipi bora, ya kwanza au muendelezo. Leo naweka ya kwangu. Niliyaona kwa macho haya, Lubumbashi, enzi nchi inaitwa Zaire na chama ni kimoja. Sijaongeza chumvi, kisa chenyewe kilikuja kimeshakolea.

Shule niliiacha mapema. Nilikuwa mtu wa kutangatanga: leo nabeba magunia stesheni, kesho niko mpakani Kasumbalesa naelekeza malori kwenye foleni, siku nyingine naosha magari kwenye kambi ya Wajapani waliokuwa wanachimba shaba karibu na mpaka. Kila kitu nilitaka kujua kinaendaje. Kijapani nilichookota pale kilikuwa cha kujaza kiganja: asante, maji, haraka, na vingine vichache.

Series ya kwanza, Tarkor, tuliiona kwenye televisheni ya taifa kwa Kifaransa, kati ya hotuba na hotuba. Roboti mrefu kama bomba la moshi la kiwanda, ndani amekaa kijana, na juu yao wote yuko muzee profesa mwenye ndevu anayetoa amri.

Muzee hakosei. Muzee akisema adui yuko kushoto, adui anahamia kushoto.

Sisi hilo halikutushangaza. Kila jioni kabla ya habari tulikuwa tunaonyeshwa muzee mwingine, kiongozi wa nchi, uso wake unashuka kutoka mawinguni.

Muendelezo haukufika kwenye televisheni. Familia moja ya Kijapani ilipofunga mizigo kurudi kwao, Mama Kapya wa mtaani kwetu, aliyekuwa anauza samaki wakavu wa Pweto, alichukua kwao televisheni, mashine ya video na sanduku la kaseti. Ndani kulikuwa na Tarkor wa Pili. Kijapani kitupu. Mama akaniita.

"Weye ulifanya kazi kwa Bajapani. Kuja utufasirie."

"Mama, miye nilikuwa naosha motokari tu."

"Na ulikuwa unaosha na masikio ya kufunga? Kuja."

Basi nikawa mfasiri. Jumapili baada ya misa sebule inajaa mpaka dirishani, mimi nimesimama pembeni ya televisheni na kijiti. Nisichokielewa, nakisoma kwenye nyuso za wanaosema. Ukitaka kujua series nzuri, iangalie bila kuelewa lugha. Hakuna maneno ya kukudanganya.

Nianze na ubovu.

Walimpaka Tarkor rangi mpya. Wa kwanza alikuwa na rangi ya chuma, huyu ana nyekundu na njano kama kopo la maziwa. Wakamwongezea mbwa wa bati anayecheza ngoma kila adui akianguka, na sebule nzima ilikuwa inamzomea. Halafu picha zinarudiwa. Mkono uleule unatoka, mlima uleule unapasuka. Baba mmoja fundi wa reli alikuwa anauliza kila Jumapili, "Ule mulima banaujenga tena saa ngapi?" Na kulia! Watu wa kwenye picha wanalia roboti akiwa tayari ameshikwa shingo.

Sasa uzuri.

Tarkor wa Pili anaharibika. Anapigwa leo, wiki ijayo alama ya kuchomelea bado iko begani. Mji wetu wote ulikuwa unaishi kwa mashine zilizochomelewa, kwa hiyo bega lile tulilijua. Na maadui wana sababu zao, wana watoto, wana njaa.

Lakini uzuri mkubwa kuliko wote ni huu: muzee anakufa. Tena mwanzoni kabisa, hata hujakaa vizuri. Mjukuu wake, binti mwembamba, anaingia ndani ya roboti na hajui kitu. Anaanguka. Anaanguka tena.

Na hapo ndipo balaa ilipotukuta.

Mikusanyiko ya watu haikuachwa hivihivi siku zile. Jumapili ya kwanza alikuja Citoyen Mulumba (citoyen ni raia, ndivyo tulivyolazimika kuitana), mkuu wa seli ya chama mtaani, ndani ya abakosti yake, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi kama karatasi. Akapewa kiti cha mbele. Nikaweka kaseti.

Inatokea picha ya muzee, kubwa, imezungukwa na maua meupe. Watu wenye nguo nyeusi wamepanga mstari. Mmoja mmoja anakuja mbele, anainama mbele ya picha, anarudi.

Mimi nilijua mara moja. Kule kambini injinia mmoja alifariki, na mimi ndiye niliyebeba maua. Ni matanga.

Lakini jiwekeni kwenye viatu vya jirani zangu. Picha ya mkubwa ukutani, maua, watu wazima wanainama. Kitu gani kingine kinaweza kuwa?

Citoyen Mulumba akaruka kutoka kitini.

"Munaona? Munaona Bajapani? Na akili yabo yote, na mashini yabo yote, banaheshimia mukubwa wabo! Simameni! Makofi!"

Tukasimama. Tukapiga makofi. Akaanzisha wimbo wa kumsifu kiongozi wetu, akina mama wakacheza animasyo, zile ngoma za chama, mbele ya marehemu. Mimi kijiti mkononi. Ningesema nini? Kwamba mmecheza kwenye kilio cha kiongozi? Watu walikuwa wanachukuliwa kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Aliondoka kabla binti hajaingia kwenye roboti, alikuwa na nyumba nyingine za kukagua. Lakini mlangoni akageuka.

"Ile kaseti nitaikamata kwa sikukuu ya chama. Kwa salle munene, mbele ya Citoyen Commissaire. Na weye utafasiria."

Akaenda zake. Nikamvuta Mama Kapya jikoni nikamwambia ukweli.

"Kilio?" Akakaa juu ya gunia la samaki. "Na mashini iko yangu. Na nyumba iko yangu. Batatufunga bote mbili."

"Tuseme kaseti imeharibika."

"Weye! Hapo itakuwa nani ameharibisha picha ya kiongozi?"

Mnaona mtego wenyewe. Tukionyesha, tumefanya matanga ya mtu aliye hai. Tukikataa, tumekataa sifa zake. Mama aliniomba kitu kimoja tu: nisifungue mdomo kuhusu kilio hata wakinikanyaga.

Siku ikafika. Ukumbi mkubwa wa chama umejaa, televisheni ya Mama juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Commissaire, mtawala wa mkoa, katikati. Na pembeni yake, mgeni wa heshima, amekaa injinia wa Kijapani mwenye nywele nyeupe kutoka kule kambini. Citoyen Mulumba ndiye aliyeomba aalikwe, ili ajionee tunavyowapenda.

Gari la injinia yule nililiosha mara nyingi. Aliniona. Akatabasamu. Mimi nikajifanya nanyoosha kitambaa cha meza.

Kaseti ikaanza. Picha, maua, mstari wa watu wenye nguo nyeusi. Wacheza ngoma wakaingia wanatikisa viuno, wamevaa vitenge vyenye uso wa kiongozi mbele na nyuma.

Mjapani akavua miwani. Akasimama. Akashikanisha viganja, akainama sana, akabaki hivyo.

Commissaire akamwona mgeni amesimama, naye akasimama. Ukumbi mzima ukasimama. Mmoja akainama, wa pili akainama, ngoma zikafa moja moja, wacheza wakaganda na mikono juu kisha wakaishusha. Viongozi wa mkoa, wakuu wa seli, polisi mlangoni: wote vichwa chini, kimya. Ukumbi ule sikuwahi kuusikia kimya. Nzi ungemsikia.

Mgeni akanyanyuka, akanigeukia, akaniuliza kitu. Nililishika neno moja tu, lile nililojifunza siku ya maua: matanga.

"Anasema nini?" Commissaire akauliza.

Nikatazama ukumbini. Mama Kapya, nyuma kabisa, amefumba macho.

"Anasema amekumbuka kwabo, Citoyen Commissaire. Imemugusa roho."

Mzee wa Kijapani akaniangalia. Akaangalia vitenge. Akaangalia uso wa Commissaire, uliokuwa unatokwa jasho la furaha. Akavaa miwani yake taratibu.

Kisha akapiga makofi. Ukumbi ukalipuka.

Hakuna aliyefungwa. Citoyen Mulumba alishikwa mkono na Commissaire mbele ya wote. Lakini nilipokuwa nabeba televisheni nje akanivuta nyuma ya ukuta, akaangalia huku na huku.

"Ile ilikuwa kilio."

Nikaweka televisheni chini.

"Nimefahamu wakati Mujapani aliinama. Mimi pia nimezika baba. Batu habainamake vile kwa sikukuu." Akapangusa shingo. "Sasa, kisha muzee kufa... ile mashini yabo inaendelea kutembea?"

"Inaendelea, citoyen."

"Nani anaitembeza?"

"Mutoto mwanamuke. Anaanguka sana."

"Lakini anasimama?"

"Anasimama."

Akarudi ukumbini. Jumapili iliyofuata alikuja kwa Mama Kapya bila abakosti, amevaa shati, akakataa kiti cha mbele. Alikaa chini na watoto. Binti akaanguka na roboti lake kwenye mto, sebule ikacheka, na mimi nikamsikia mkuu wa seli ya chama akiiambia televisheni kwa sauti ndogo:

"Simama, mwana. Simama."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba muendelezo usiupime kwa rangi wala kwa mlima unaopasuka mara kumi. Uupime kwa ujasiri wa kuondoa yule ambaye wote mlidhani bila yeye hakuna series, halafu kuwaonyesha watu asubuhi inayofuata.

Wanaosema ya kwanza ni bora karibuni, nipo. Na kama kuna aliyewahi kuishi mahali ambapo mwisho wa katuni ulikuwa siri ya taifa, naye aseme.