Kwenye Tuta la Reli ya Karanga

Baiskeli naijua kuliko watu wengi wanaojiita mabingwa. Shule niliacha darasa la nne, nikaanza kubeba mkaa kutoka porini mpaka Dodoma mjini, magunia matatu kwa safari moja, kwenye baiskeli ya chuma isiyo na breki. Nilikuwa naisimamisha kwa kandambili. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, karakana ya kuchomelea na pikapu mbili, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Jumamosi vijana wa ofisini wenye kofia za plastiki wakinikuta njiani wananiamkia, naitikia marahaba, nawaacha nyuma.

Lami siipandi. Lami ni ya malori. Mimi napenda changarawe, na katika njia zote za changarawe nilizopita, hakuna inayolifikia tuta la zamani linalotoka Msagali kwenda Kongwa. Wazungu walijenga reli pale wakitaka kulima karanga nchi nzima. Karanga zikakataa, reli ikang'olewa, tuta likabaki. Gari hakuna. Utakutana na mbuzi, na ng'ombe, na mama anayetoka kusaga unga. Mahali pengine watu wamelima mtama juu yake, basi unashuka, unazunguka shamba, unalipata tena mbele. Kandokando kuna sakafu za zege zilizoota nyasi, na vyuma vimezama ardhini. Chuma cha zamani kile, kinene; cha leo ni karatasi.

Rafiki ninayepanda naye ni Mnyamwezi, mstaafu wa reli. Mimi ni Mgogo, kwa hiyo ni mtani wangu. Kwa wasiojua utani: mtani anaweza kukutukana mbele ya wageni, akala chakula chako kabla yako, akacheka kwenye msiba wenu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukinuna umeshindwa, unatoa kuku. Tumetukanana miaka kumi na tisa na sijawahi kutoa kuku.

Mwaka juzi presha ya macho ilimpata. Jicho la kushoto likaisha. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba la nusu inchi. Mlima wa mbali anauona, jiwe lililo mbele ya tairi halioni. Mke wake akasema baiskeli sasa basi, ataipeleka kwa kaka yake kijijini. Mtani wangu akamwomba safari moja, Msagali mpaka Kongwa, kwa sababu baba yake alikuwa kwenye genge la vibarua lililotandika reli ile. Mke wake akafikiri siku mbili, akampa sharti. Atatungoja Kongwa kwenye pikapu yangu. Mume wake akifika kwa miguu yake mwenyewe juu ya baiskeli, baiskeli inabaki. Akifika amebebwa, inaondoka siku hiyohiyo.

Tulianza asubuhi mapema. Kwanza nilipunguza upepo kwenye tairi zake, maana watu wengi hawajui: tairi gumu ni la mkaa, kwenye changarawe linarukaruka kama mbuzi. Nikatangulia. Nikawa namwambia, jiwe kulia, shimo kushoto, mchanga huo. Haikuchukua muda akasimama.

"Mtani, unaniua," akasema. "Ukisema jiwe, nashika breki. Ukisema shimo, nakata kona bila kujua nakwenda wapi."

"Sasa unataka nikae kimya?"

"Kimya utakiweza wapi. Jisifu. Sauti yako ikinyooka najua njia imenyooka. Ikienda kulia, nakwenda kulia. Wewe jisifu tu, mimi nafuata."

Basi nikajisifu. Kazi hiyo sikufundishwa. Nilianza na mkaa, nikaenda kwenye mashine ya kwanza ya kuchomelea niliyoiunda mwenyewe kwa nyaya za transfoma bovu, nikafika kwenye mageti niliyotengeneza ya nyumba za wakubwa. Kalvati za kupitishia maji zilikuwa zinapita chini yetu moja baada ya nyingine, na yeye yupo nyuma yangu, namsikia mnyororo wake, hakanyagi nje ya njia yangu hata kidogo. Alikuwa anaendesha vizuri kuliko siku alizokuwa na macho mawili. Kila nikipumzika kumeza mate ananichokoza nianze tena.

"Ghorofa lako hujalisema."

"Ghorofa nimejenga kwa mikono hii."

"Ndiyo maana limeinama. Na ngazi ulikumbuka kuweka?"

Tulikuwa tumebakiza kama theluthi ya njia. Nikasema habari ya duka, jinsi lilivyofunguliwa, watu waliokuja. Akanikatiza.

"Hebu sema na ile leseni ya biashara. Uliitundika ukutani kichwa chini, ikakaa wiki nzima, mpaka mteja akakuonyesha. Mgogo ana duka, lakini karatasi zake anazisoma kama popo."

Mtu mwingine angecheka. Mimi ilinichoma. Ilikuwa kweli, na mteja mwenyewe alikuwa mwalimu, na alinionyesha mbele ya vijana wangu wa kazi. Sikujua kama mtani wangu aliwahi kuisikia. Miaka ile nilikuwa sijui kusoma vizuri. Nimejifunza baadaye, ukubwani, peke yangu, na sasa nasoma mpaka mikataba. Sikumjibu. Nikakaza miguu, nikanyamaza.

Nilinyamaza labda dakika mbili. Mbele kulikuwa na kalvati iliyoliwa na maji upande mmoja. Mimi nikapita kulia bila kufikiri, kama mtu anayezunguka meza nyumbani kwake. Nikasikia chuma kinagonga zege.

Nilimkuta chini kwenye korongo, si refu, kimo cha mtu. Amekaa mchangani, kiwiko kinavuja damu, kifundo cha mkono amekishika.

"Ulikwenda wapi?" akaniuliza.

"Nilikuwa hapa hapa."

"Sikukusikia."

Nikasema pole. Akageuza uso huku na huku akinitafuta kwa lile bomba lake, aliponipata akaniambia, "Umenuna, mtani." Hakusema kwa utani. Nilikuwa nimevunja kitu ambacho hata watoto wetu hawakivunji, na nilikuwa nimekivunja siku ambayo yeye alikuwa ameegemea sauti yangu peke yake.

Nikatoa simu kumwita dereva wa pikapu. Akasikia kidole changu kinagusa kioo.

"Ukiita gari, umeitoa baiskeli yangu kwa shemeji yangu."

"Mkono je?"

"Haujavunjika. Angalia gurudumu."

Rimu ya mbele ilikuwa imepinda kama mdomo wa chungu. Hapo sasa niseme wazi kwamba mafundi wengi wa Dodoma wangeshindwa. Nilitafuta vipande viwili vya zege la wakoloni, nikaibana rimu katikati, nikaisukuma kwa goti, nikaigeuza, nikaisukuma tena, nikakaza spoki moja moja kwa koleo. Saa nzima. Ikabaki inayumba kidogo lakini inapita kwenye uma wa mbele. Nikamfunga kiwiko kwa kitambaa changu. Akapanda mwenyewe, mkono mmoja akiugusisha tu kwenye usukani.

Nikaanza kusema tena. Mambo ya kujisifu yalikuwa hayaji, kwa hiyo nikamsimulia ile ya leseni. Nikaisema yote, na mwalimu, na vijana walivyojifanya wanapanga misumari ili wasicheke. Nikasema na usiku nilivyoishusha ukutani nikakaa nayo mezani kujaribu kuisoma. Nyuma yangu mnyororo haukusimama hata mara moja. Hakucheka, na hakunichokoza tena mpaka tukaanza kuona mabati ya Kongwa.

Mke wake alikuwa amesimama nje ya pikapu, kanga ameifunga kiunoni. Alimwangalia mume wake akija juu ya baiskeli, akasimama, akashusha mguu. Kisha akaona kitambaa.

"Shemeji," akaniambia, "huyu kaanguka."

Mtani wangu akawahi. "Mwiba tu, umenikwaruza."

"Sijakuuliza wewe."

Ningeweza kusema mwiba. Miiba ya kule inatosha kusingiziwa chochote. Nikamwambia, "Kaanguka kwenye kalvati, shemeji. Macho yake hayakukosea. Alikuwa ananifuata kwa sauti, akanitania, nikanuna nikanyamaza."

"Wewe? Ukanyamaza?"

"Dakika mbili."

Akamshika mume wake kifundo, akakibonyeza hapa na pale, akamwambia afungue vidole, akafungua. Akainua gurudumu la mbele akalizungusha, likayumba, likaendelea kuzunguka. Dereva alikwisha kushuka ili apakie baiskeli.

"Ipakie," akamwambia. "Ipeleke kwangu Dodoma, si kijijini." Halafu akanigeukia mimi. "Kuku nataka jike, anayetaga. Na utamleta mwenyewe."