Mvua ya Mihogo Barabara ya Amukura

Mpaka leo nikipita Amukura nashusha kofia usoni, na wanaojua wanacheka tu, kwa hivyo afadhali niwaambie mwenyewe. Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mimi ndio nilikuwa wa kwanza kwetu kushika simu ya mkono (ya kuazima, lakini nani aliuliza?), lisimu zito la binamu yangu, linashika netiweki ya Uganda peke yake.

Siku hiyo naendesha pikapu, nyuma wazee wetu na ng'ombe dume, tunapeleka mahari ya ndugu yangu Barasa, wakikubali tunarudi na bibi harusi. Tukiacha Busia simu ikalia: Nekesa, mpenzi wangu, kutoka Kampala! Sauti inakwaruza, lakini nikiinama kushoto, upande wa Uganda, inakuwa safi kabisa, basi nikawa nainama, gari nalo linainama na mimi polepole, ukungu mwembamba barabarani, Nekesa anacheka sikioni, najiona kama naelea. Halafu nikasikia mvua, kraa kraa kraa, tamu ajabu.

"Huku mvua imeanza," nikamwambia.

"Mvua gani, wewe!" Mjomba, mmoja wa wale wazee, alikuwa anapiga paa la gari kutoka nyuma. "Simama! Mtoto!"

Nikakanyaga breki. Ile mvua ilikuwa tairi zangu zikiponda mihogo iliyoanikwa kando ya lami, vile watu wa huko huanika, na mbele ya bampa mama mmoja amembeba mjukuu kwapani. Chini ya tairi kulikuwa na patipati moja ndogo, kandambili ya yule mtoto.

Mama akatazama ng'ombe, akatazama makoti ya wazee. "Kumbe nyinyi ndio wageni wetu?"

Woi! Mama mkwe wa Barasa.

Ng'ombe alipokelewa. Mimi na suti yangu nilikaa uani nachagua changarawe kwenye mihogo, wasichana wanacheka, simu inalia kwenye dashibodi mpaka inanyamaza. Jioni mama akasema, "Msichana nitawapa. Lakini dereva huyu hatabeba mtoto wangu."

Bibi harusi akaondoka na boda boda ya baiskeli, amekaa upande, leso inapepea, na wazee wetu (wasaliti!) wakaita baiskeli zao. Mimi nikafuata nyuma polepole na pikapu tupu. Ile patipati mama alikuwa ameniwekea kwenye dashibodi. Iko hapo mpaka leo, na simu ikilia nikiendesha, naiangalia, naiacha simu ilie.