Kijiko cha Kwanza

Mwaka ule wa mvua za Elinino majani chai yalikua kama yametumwa, na Chepngeno alichuma bila mtoto mgongoni. Wanawake wenzake waliliona hilo. Yeye naye hakutaka maneno yao. Alijitenga upande wa chini wa shamba, karibu na mto, na mtu asikudanganye kwamba majani ya huko yalikuwa mazuri zaidi. Ng'ambo ya mto ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake, na kwenye nyumba hiyo ndiko walikokuwa wanawe: Fancy, wa miaka minne, mkaidi ajabu, na Nelvine, ambaye hata kutambaa alikuwa bado anajaribu.

Nelvine akilia huko, maziwa ya mama yake yalitoka yenyewe yakalowesha blauzi. Sasa hayo ni maisha gani, jamani? Mtoto analia pale, maziwa yako hapa, na katikati kuna kamto ambako hata mbuzi anaruka! Chepngeno alisimama kwenye chai, mikono imejaa majani, akasikiliza mpaka kilio kikaisha. Kikiisha ndipo aliumia zaidi, maana alijua mtu mwingine ndiye amembembeleza.

Shida ilikuwa upele. Mara ya kwanza ulipomtoka, watoto walikuwa wanaumwa kifua, na yeye alikuwa amekesha nao. Akaamka na vipele vyekundu mwili mzima, midomo imevimba, macho hayafunguki. Jirani mmoja akasema ni umande wa majani chai. Mwingine akasema ni surua ya watu wazima. Wacha wee, kila mtu akawa daktari! Upele ukapoa, wakasahau. Watoto walipokohoa tena, ukarudi mbaya kuliko ule wa kwanza, na ngozi ya mikono ikaanza kubambuka.

Safari hii mama mkwe, ambaye watoto walimwita Kogo, yaani nyanya, hakuuliza mtu. Alimfunga Nelvine mgongoni, akamshika Fancy mkono.

"Sikuchukii, Mama Fancy," alisema mlangoni. "Lakini nilizika wangu wawili kwa sababu ya upele. Wako sitawazika."

Chepngeno alishika nguzo ya mlango akawatazama wakivuka mto. Fancy aligeuka mara nyingi njiani.

Mumewe, Kipkemoi, alikuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Mulot. Alipokuja alisikiliza huku, akasikiliza kule, akasema, "Msikize mama." Basi. Akarudi zake kwa trekta.

Ngozi ilipona. Kogo akasema tungoje kidogo. Baadaye akasema tena tungoje. Siku moja Chepngeno alikamua maziwa yake kwenye chupa akapeleka mpaka ukingoni. Kogo alipokea kwa heshima zote, akashukuru, kisha akaenda kuyamwaga kwenye migomba akidhani haonekani. Alionekana. Chepngeno alirudi nyumbani akalala na kishali cha Nelvine usoni, akakinusa mpaka harufu ya mtoto ikabaki kuwa harufu ya kitambaa tu. Alimtamani mtoto yule hadi mikono ikamuuma, na si utani, mikono yenyewe ilimuuma kwa kukosa cha kubeba.

Ndipo Fancy akashikwa na kifua tena, na Kogo akawachukua wote wawili hadi zahanati moja ndogo sokoni Ndanai. Chepngeno alipopata habari aliacha kikapu cha majani palepale shambani. Acha majani yaungue kwa joto kikapuni, acha karani wa sentaa ya kupimia chai aseme atakavyo! Aliwafuata kwenye matope, akafika, akakaa mwisho wa benchi, mbali na wanawe, vile Kogo alivyomwagiza.

Daktari Mosoti alimpima Fancy kifua, akatikisa chupa ya dawa ya salfa, akamimina kijiko kimoja na kumpa Kogo ili amnyweshe. Fancy akafunga mdomo. Kogo akabembeleza, akatisha, akambana pua. Wapi!

"Wewe hujui," mtoto alisema akilia. "Mama anaonja kwanza."

Ilikuwa kweli. Kwa kina Chepngeno, anayemimina maziwa ndiye anayeonja kwanza, mgeni aone kwamba ni mema. Alipopata watoto alifanya hivyohivyo kwa dawa. Na hakuonja kwa ncha ya ulimi. Fancy hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alimeza funda zima ili mtoto aone koo likishuka, akasema "tamu!", ndipo akammiminia wake. Alipoulizwa wakati ule wa upele amekunywa dawa gani, alijibu hakuna. Wala hakudanganya. Dawa ilikuwa ya mtoto.

Sasa alisahau amri ya benchi. Alikuja, akachukua kijiko, akakipeleka mdomoni.

"Wee mama!" Mosoti aliruka. "Hiyo ni ya mtoto!"

"Naonja tu."

"Unaonja kila mara?"

"Kila mara. Asipoona nimemeza, hanywi."

Mosoti alitazama mabaka mikononi mwake. "Na hii ngozi ilibambuka lini?"

"Watoto walipoumwa kifua, nikawa nawapa ..." Kumbe! Alirudisha kijiko mezani polepole.

"Ni aleji," Mosoti alisema. "Watoto wameinywa salama, lakini mwili wako haupatani na salfa. Ungeendelea kuonja, tungekuzika. Usiiguse tena maishani, na ukienda hospitali yoyote, sema." Akamgeukia mama mkwe. "Na haiambukizi, Kogo. Hata kidogo."

Chepngeno alitaka kucheka na kupiga mtu kwa wakati mmoja. Miezi yote hiyo! Lakini Kogo alikuwa ameinama, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Dawa ilikuwa bado kwenye kijiko, na Fancy bado alifunga mdomo. Kogo, ambaye dawa ya hospitali ilikuwa haijawahi kupita kwenye koo lake, aliomba kijiko cha pili. Mosoti akacheka, akammiminia tone. Mama mzee akalimeza, uso ukakunjamana wote.

"Tamu," akasema kwa shida. Fancy akamchunguza koo, akaridhika, akanywa yake.

Kisha Kogo akafungua leso mgongoni na kumweka Nelvine kwenye mikono ya mama yake. Mtoto akautazama uso ule. Hakuujua. Akapiga mayowe, akainyoosha mikono yote miwili kwa nyanya yake.

"Nelvine," Chepngeno akasema. "Nelvine wangu, ni mimi."

Mtoto akazidi kulia. Kogo akatazama mikono ile midogo iliyomtaka, akajifunika uso kwa leso, akatoka kwenda kusimama nje kwenye mvua ili mtoto asimwone.