Jumapili za Saksofoni na Eda ya Mama

Kila kiangazi, Jumapili baada ya alasiri, bendi hupiga jazi na soul kwenye bustani iliyo nyuma ya nyumba yetu, Chumbageni. Watu huja na mikeka na watoto wao, hununua mihogo ya kukaanga, na magharibi ikikaribia muziki hunyamaza. Baba alipiga saksofoni pale miaka mingi. Mama hakwenda hata siku moja. Alisema ana kazi zake, nami nikaamini kwamba muziki haumpendezi.

Baba alifariki msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Mama akakaa eda: miezi minne na siku kumi ndani, bila manukato wala mapambo. Mimi, kifungua mimba ninayejifanya najua kila kitu, nilikwenda kwa kiongozi wa bendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Poleni sana."

Nikamwomba wahamie ufukweni hadi mama atoke eda. Hakubisha hata kidogo. "Mfiwa ana haki yake," alisema, nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa kwa wema wangu.

Jumapili ile nilimkuta mama chumbani kwake. Alikuwa amevuta kiti hadi kwenye dirisha la uani, amelifungua wazi, mikono mapajani. Bustanini walikuwepo kuku tu, wakichakura.

"Leo wamechelewa," alisema.

Nilikiri nilichofanya. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Miaka yote nilikuwa namsikiliza hapa hapa. Mwenye eda hatoki, mwanangu. Nani kakwambia hasikii?"

Kuuliza si ujinga. Mjinga ni mimi niliyekaa na mama yangu maisha yote nisimuulize anapenda nini. Nilirudi kwa yule mzee kichwa chini. Alicheka, kisha akajifuta macho.

Jumapili iliyofuata walikuja, na mpigaji mpya wa saksofoni. Jirani mmoja aliguna kwamba nyumba ya msiba haipigiwi ngoma. Nilimjibu vibaya, na sijutii. Walipofika kwenye wimbo ambao baba alikuwa akifungia kila onyesho, mama alifumba macho.

"Huyu anapumua katikati," alisema. "Baba yako alikuwa akipapita hapo kwa pumzi moja."

Machozi yalimtoka. Niliinuka nifunge dirisha.

"Liache," alisema. "Atajifunza."