Hodi kwa Mawe ya Kijito

Mpima maji wa serikali yetu mpya hugonga kila jiwe la kijito kwa kidole na kusema "hodi" kabla hajaligeuza, kisha hulirudisha lilivyokuwa. Viatu huvining'iniza shingoni, na maji huyajaribu kwa kiwiko, kama sisi akina mama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Anatafuta kaa, kwa sababu kaa wa huku mlimani hakai kwenye maji machafu. "Nikimkosa leo, Mama Khasoa, mtachota kule mto mkubwa," aliniambia. Mto mkubwa uko ng'ambo ya vilima viwili, na mimi nina mtoto mgongoni! Aligeuza mawe mpaka tukachoka kumtazama. Mara akaruka, akarukaruka majini kama anayecheza ngoma ya isukuti. "Yupo! Woi, ananiuma! Yupo!" Tulicheka mpaka Khasoa naye akacheka mgongoni. Hakumkung'uta, alitumbukiza mkono polepole, akangoja kaa aachie mwenyewe. "Ameshika mkono wangu wa kuandika," alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Wewe umeenda shule. Toa kalamu na daftari hapa mfukoni." Nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI YA KUNYWA.