Kona ya Chini, Mkono wa Kulia

Brashi alikuwa na hasira kabla kitabu hakijazaliwa, kwa hiyo wanaosema kitabu ndicho kilichomharibu hawamjui. Aliikasirikia mvua kwa sababu huchubua rangi, akawakasirikia wenye maduka kwa kubandika matangazo juu ya ukuta aliokwisha kuumaliza, na akamkasirikia hata aliyemsifu vibaya. Ukimwambia, "Fundi, umeandika vizuri," alikujibu, "Karani ndiye anayeandika. Mimi nimepaka."

Kazi yake ilikuwa kupaka majina ya maduka ukutani: kinyozi, fundi viatu, duka la dawa, gereji. Herufi zake zilikuwa nene chini na nyembamba juu, na kila moja ilikuwa na kivuli upande wa kushoto, jua likubali lisikubali. Nimepita miji mingi nikisoma kuta, kwa lugha ninazozijua na nyingine ninazozibabaisha, na naweza kusema bila upendeleo kwamba S ya Brashi ilikuwa na kiuno.

Fundi aliyemfundisha alimwachia sheria mbili. Ya kwanza, ukuta hujazwa mpaka mwisho. Ukiacha weupe pembeni, watu watajua umeishiwa rangi au umeishiwa pumzi. Ya pili, sahihi huja mwisho wa kazi, kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, na haiendi mahali pengine. Hivyo kila ukuta aliopaka uliishia na neno Brashi, kwa herufi ndogo zilizoinama kama mtu anayeaga.

Kisha ikaja plastiki. Duka lilipata bango lake asubuhi na kufungua mlango mchana wa siku hiyo hiyo. Na mwenye mashine ya kuchapa mabango pale mtaani hakuwa mgeni: alikuwa mdogo wake Brashi, tumbo moja, ziwa moja. Brashi alimwita Bosi wa Plastiki, tena mbele ya wateja. Mdogo alicheka na kuendelea kumwita kaka. Mabango yake yalipigiliwa misumari juu ya kuta za kaka, na nyingine zilikwanguliwa kwanza ili plastiki ikae sawa.

Hapo ndipo Brashi alipoazima simu ya binti yake na kuanza kuzipiga picha kuta zilizobaki. Alizipiga kama alivyozipaka, ukuta peke yake, ukingo hadi ukingo, pasiwe na mlango wa jirani wala waya wa umeme. Wenye maduka walidhani anawapeleleza kwa niaba ya manispaa. Mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo; Brashi akakasirika, akarudi kesho yake na kuupiga tena ukuta ule ule.

Binti yake, aliyekuwa akiuza dawa dukani, ndiye aliyeleta wazo.

"Baba, hizi picha tuzifanye kitabu."

"Nani atakichapa?"

"Sisi wenyewe. Kuna kampuni inafanya kazi mtandaoni. Unapakia picha, unapanga kurasa, wao wanachapa, wanajalidi, wanakutumia."

"Hawataki kujua mimi ni nani?"

"Hawaulizi lolote."

"Hilo ndilo linanitia shaka," alisema Brashi, lakini alikwisha kukubali.

Alichokitaka kilikuwa kimoja, na alikisema kwa mkewe, kwa binti, hata kwa fundi viatu ambaye hakuuliza: kuta zikiisha zote, pabaki mahali panapoonyesha kwamba zilipakwa na mtu, na kwamba mtu huyo ni yeye.

Kampuni ilitaka kadi ya benki, na nyumbani kwa Brashi hapakuwa na kadi ya namna hiyo. Mdogo alikuwa nayo. Alifungua akaunti kwa jina lake, akalipia bila maneno, na akaagiza nakala moja ya ziada, yake mwenyewe. Kwa siku kadhaa Brashi alimwita mdogo wangu.

Walipanga kurasa mezani, baba na binti, mbele ya kompyuta ambayo binti aliiazima kazini. Kila ukurasa ulizungushiwa mstari mwekundu wa vidoti.

"Baba, wanasema kitu muhimu kisivuke huu mstari."

"Wanasema akina nani?"

"Kampuni."

"Kampuni imewahi kupaka ukuta?"

"Sidhani."

"Basi sogeza mpaka mwisho. Sitaki weupe."

Binti akasogeza. Walipofika kwenye jalada, aliuliza kama aweke jina la baba juu. Brashi alimtazama kama amemwambia avae kofia miguuni. "Fundi hasaini mlangoni. Jina langu limo ndani, kila ukurasa. Anayelitaka aingie." Jalada likabaki na ukuta wa kinyozi na neno moja tu, Kuta.

Kitabu kilipofika, mkewe alifuta meza mara ya pili ndipo akakiweka. Karatasi ilikuwa nzito, rangi zilikuwa za kweli, S ilikuwa na kiuno chake. Brashi alifungua ukurasa wa kwanza akatazama kona ya chini, mkono wa kulia. Akafungua wa pili. Alipofika katikati ya kitabu alikuwa hatazami tena kuta, anatazama kona tu.

Kampuni huchapa kwenye karatasi kubwa zaidi ya kitabu, kisha kisu cha mashine hupita pande zote ili kingo ziwe safi. Kilichoko nje ya vidoti vyekundu huenda na kisu. Sahihi zote zilikuwa zimeenda. Kwenye ukuta wa gereji peke yake vilibaki vichwa vya herufi, vikichungulia kama watu wanaozama. Na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo, mtambo ulikuwa umeweka wenyewe jina la mwenye akaunti: Kimetayarishwa na, halafu jina kamili la mdogo wake.

"Wameninyoa," alisema Brashi.

"Kunywa maji kwanza," mkewe alimwambia. "Usimrukie mtu na koo kavu."

Akanywa maji, kisha akaruka. Binti aliiandikia kampuni, na jibu lilikuja upesi mno, kutoka kwa kitu kisichokuwa na mama: asante kwa kutuchagua, mteja alithibitisha kwamba ameona kurasa zake.

"Niliona picha," alisema Brashi. "Sikuonyeshwa kisu."

"Ulionyeshwa, baba. Ukauliza kama kisu kimewahi kupaka ukuta."

Alitoka, akaelekea dukani kwa mdogo wake. Akaunti ni yake, aandike yeye, labda watamsikia.

Duka lilinuka plastiki ya moto. Mdogo alikuwa ameinama kwenye mashine, na pale kaunta, nakala yake ya kitabu ilikuwa mikononi mwa mama mmoja wa saluni aliyekuja kuagiza bango. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho.

"Kumbe una mikono hivi, na unatuuzia plastiki? Hongera, umefanya kazi."

"Asante, mama," alisema mdogo, macho kwenye mashine.

Brashi alikuwa amesimama mlangoni.

"Asante ya nini?"

"Kaka. Karibu, sikukuona."

"Nimekuuliza. Asante ya nini?"

"Ni adabu tu. Mtu akikusifu..."

"Amemsifu nani?"

"Ndugu wakigombana, mimi nachukua jembe," alisema mama wa saluni. Lakini alichokichukua kilikuwa kiti.

"Kaka, watu wanajua ni wewe. Mtaa mzima unajua."

"Mama, wewe unajua?"

"Mimi nimehamia juzi."

"Umemsikia," alisema Brashi. "Umenifunika ukutani, nikasema ni riziki yako. Nimekimbilia kwenye karatasi, na huko nako nakukuta umekaa."

"Sikujiweka mimi. Ni mashine."

"Mashine haikusema asante."

Mdogo alizima mashine. Duka lilipotulia, ilionekana kwamba hata yeye alikuwa na hasira, tena ya siku nyingi.

"Na aliyesema sogeza mpaka mwisho ni nani? Binti yako kanieleza. Miaka yote unanitukana mbele ya watu wanaonilisha, Bosi wa Plastiki, Bosi wa Plastiki, nacheka. Leo mtu kanisifu kwa bahati mbaya, hata kuimeza sifa yenyewe hujaniacha."

Palikuwa na ukweli hapo. Brashi aliuona, na ulimkasirisha zaidi.

Mdogo alinyoosha mkono kwenye kitabu. "Basi nakitoa kaunta, yaishe."

"Kiache."

"Niandike jina lako kwa kalamu?"

"Usiniandikie. Kiache hapo hapo, na kila atakayekisifu utamwambia. Kwa mdomo huo huo uliosema asante."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kuta hizi alizipaka kaka yako, Brashi. Yu hai, na anapokea kazi."

Mdogo alitazama mashine yake, akatazama mlango uliozibwa na kaka yake, kisha akamgeukia mama wa saluni.

"Mama, kuta hizi ni za kaka yangu."

"Ana jina," alisema Brashi.

"Brashi. Yu hai."

"Namwona," alisema mama wa saluni. "Na hii hasira mnaiuza pamoja na rangi?"

Hakuna aliyecheka, ila yeye. Alitaka kujua ukuta unachukua muda gani. Brashi alimjibu kwa ukali, lakini alimjibu.

Binti anakipanga kitabu upya, na safari hii anaacha ukingo mweupe. Kila jioni Brashi anabishana naye ili weupe ule upungue kidogo. Kuhusu jalada bado hawajaelewana.

Mchana huenda dukani kwa mdogo wake bila shughuli yoyote, akaegemea mlango. Juzi aliingia mwenye gereji, akasubiri bango lake, akakifungua kitabu kilichokuwa kaunta na kupiga mluzi. Mdogo alitupa jicho mlangoni.

"Ni za kaka yangu Brashi yu hai anapokea kazi," alisema kwa pumzi moja.

"Taratibu," alisema Brashi. "Unalimeza jina."