Gesti ya Karibu na Stendi

Harufu ya gesti za Tanga ilinipokea kabla sijaona kitanda: sabuni ya unga, dawa ya mbu, na magodoro yaliyonyonya joto la miaka. Nilikuwa darasa la nne, likizo ya mwezi wa sita. Sisi tuliotoka Magamba tulikuwa na masweta mwilini, maana kule juu milimani tuliacha ukungu umekaa mlangoni, na sasa jasho lilitutiririka. Baba alibeba mfuko wa nguo. Mama alimshika mkono mdogo wangu Elia, na shingoni alijifunga mtandio kwa joto lote lile. Chini ya mtandio kulikuwa na rovu, uvimbe uliokuwa ukikua tangu Elia azaliwe, ambao sasa ulimfanya ashindwe kupumua vizuri akilala chali. Kesho yake asubuhi alitakiwa afike hospitali ya mkoa alazwe, apasuliwe. Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta mahali pa kulala, na baba alidhani hiyo ndiyo kazi nyepesi.

Baba alikuwa akiotesha miche ya miti kule msituni, mtu wa kupanga mambo mapema. Alikuwa ameshaulizia gesti iliyotazamana na hospitali, akatupeleka moja kwa moja. Nilimwamkia mhudumu, akaitikia marahaba huku akitufungulia chumba. Kilikuwa safi, kina neti na feni. Mama alisogeza pazia, akaona geti la hospitali na watu waliokaa kwenye nyasi na chupa zao za chai, wakisubiri kuruhusiwa kuona wagonjwa. Akalirudisha pazia. “Hapa hakuna hewa,” alisema, na feni ilikuwa ikizunguka juu ya kichwa chake. Tukatoka. Gesti iliyofuata alisema vitanda vinapiga kelele. Nyingine, choo kiko mbali na watoto. Kila mara baba aliinua mfuko, na sisi tukamfuata kwenye lami inayounguza, Elia akilia anataka kwenda nyumbani, nami nikiwa na hasira nisiyojua niielekeze kwa nani. Mama alitembea mbele yetu kwa haraka, kama mtu anayekimbizwa na mvua.

Alisimama mbele ya gesti iliyopakana na stendi ya mabasi. Honi, moshi, wapiga debe wakiitana. “Hii inafaa,” alisema.

Baba aliweka mfuko chini. Wakaanza kusemezana kwa Kishambaa, ili wapita njia wasielewe, lakini sisi tulielewa kila kitu.

“Mama Neema, hapa utalalaje na makelele haya?”

“Nitalala.”

“Mtu hukaa karibu na stendi akiwa na safari.”

“Basi nina safari,” mama alisema, na sauti ikamkatika. “Nataka kurudi nyumbani. Naogopa, Baba Neema. Watu wanaingia mle hospitalini wazima.”

Sikuwahi kumsikia mama akisema anaogopa kitu. Nilimtazama baba, nikingoja amgombeze. Alijifuta jasho kwa mkono wa sweta. “Sawa,” alisema. “Tulale hapa. Asubuhi ukitaka basi, nitakubebea mfuko mpaka kwenye basi. Sitakulaumu.”

Asubuhi mama alikuwa wa kwanza kuvaa. Tulimkuta mlangoni pa gesti, anatazama basi la kwetu likijaza abiria. “Soni! Lushoto!” kijana aliita, akamwonyesha mlango. Baba alisimama nyuma ya mama na mfuko mkononi. Basi likaondoka. Mama alilifuata kwa macho mpaka lilipokata kona, kisha akamgeukia baba. “Kutoka hapa hospitali ni mbali?”

“Ni mbali kidogo.”

“Twende basi, jua halijawa kali.”

Mama alipasuliwa, akapona. Sauti ya juu aliyokuwa akiimba kwenye kwaya ya kanisani haikurudi, ikabidi ahamie kwa waimbaji wa sauti ya pili. Aliinung’unikia mwaka mzima, akaizoea.

Baba ametangulia mbele za haki. Siku hizi ninaishi Dar es Salaam, na hoteli huichagua kwa simu nikiwa nimekaa sebuleni kwangu: picha, lifti, umbali. Mwaka jana mama alipokuja kuchunguzwa moyo, nyumba yangu ikiwa mbali mno na hospitali, nilimtafutia chumba cha jirani kabisa, na geti la hospitali lilionekana dirishani. Niliogopa atakataa. Alivua viatu, akapanda kitandani, akauliza kama kuna chai. Mimi ndiye niliyezunguka. Nilijaribu bomba, nikafungua kabati, nikashuka mapokezi kuulizia chumba kingine, nikapanda tena, nikasema labda tuhame, hapa pana joto. Mama alipapasa godoro kando yake.

“Neema, kaa,” alisema. “Mgonjwa ni mimi.”